Second Coming ya The Stone Roses: mimi niliisikia kabla ya ile ya kwanza

Mkuu uliyeanzisha uzi, umesema umeisikiliza Second Coming, albamu ya pili ya The Stone Roses, bendi ya rock ya Manchester, Uingereza, mara mbili ukaizima, ukauliza kama tatizo liko kwako au kwenye albamu, na kama kweli albamu ya pili ya bendi ya rock haifui dafu mbele ya ile ya kwanza. Wengi hapo juu wamekujibu kwa neno moja, takataka. Neno hilo silikubali, ingawa nakubali kuna kitu kilipotea mle ndani. Nitaeleza nilivyokigundua, kwa sababu mimi nilizisikia hizi albamu mbili kinyumenyume.

Ni mtu wa Tanga, Ngamiani. Kwetu siku ya kufua ilikuwa taarabu tu, Black Star na Lucky Star, na mama alikuwa hapitishi wiki bila sauti ya Shakila. Baba alikuwa mtu wa Atomic na Jamhuri Jazz. Rock aliileta mjomba, baharia, ambaye kila meli ikimrudisha alishuka na kanda mbili tatu. Mwaka 1996 akanipa Second Coming, kasha limepasuka kona. Sikujua bendi ni ya wapi, wala kwamba kuna albamu iliyotangulia.

Jioni ile tulikuwa vijana watano barazani na redio kaseti katikati. Kanda ikaanza na maji yanayotiririka, milio kama ya msituni, ngoma kwa mbali, gitaa linanguruma halafu linanyamaza. Dakika nne zikapita hajaimba mtu. Mwenzetu mmoja akasema kanda mbovu hii, akanyoosha mkono aipeleke mbele. Nikamzuia. Mtu aliyelelewa na taarabu anaijua bashraf: ala zinatangulia, zinatandika busati, ndipo mwimbaji anakuja kukaa. Kwa hiyo ule mwanzo wa Breaking into Heaven, ambao wasikilizaji wengi wanautaja kuwa ushahidi namba moja wa bendi iliyolewa sifa, mimi sikuuona kosa hata kidogo. Mpaka leo siuoni. Wimbo wote una zaidi ya dakika 11 na mimi nausikiliza wote.

Basi nikaipenda albamu ile kwa miaka minane. Utepe wake ulikatika mara mbili nikauunga, na kanda bado ninayo.

Ile ya kwanza niliipata mwaka 2004, imechomwa kwenye CD, na wakati huo nilikuwa tayari napiga besi. Wimbo wa kwanza, I Wanna Be Adored, unaanza na vumi kwa mbali, kisha besi inaingia taratibu, peke yake, kama mtu anayepiga hodi huku anajua atafunguliwa. Niliurudia mara nne kabla sijaenda wimbo wa pili. Nilipofika wa mwisho, I Am the Resurrection, nikaelewa kwa nini watu wa Manchester walikasirika na ile ya pili. Wimbo ule unaimbwa nusu, halafu mwimbaji anaondoka na wale watatu waliobaki wanafanya kile ambacho wazee wetu wa dansi wanakiita chemko. Besi ya Mani na drams za Reni zinakimbizana, gitaa la John Squire linapenya katikati, linaacha nafasi, linarudi. Hakuna anayemfunika mwenzake. Mle mle kuna wimbo unaitwa Don't Stop, ambao walichukua utepe wa wimbo wao mwingine, Waterfall, wakaupiga kinyume kisha wakaimba juu yake. Hiyo ni kazi ya watu waliokaa chumba kimoja na kufurahiana.

Kukata tamaa kulinijia siku hiyo, miaka minane baada ya kuipenda ile ya pili.

Sasa tutenganishe mambo mawili, kwa sababu naona humu yanachanganywa. Hasira ya waliokuwepo wakati ule ilikuwa, kwa sehemu kubwa, hasira ya kungoja. Albamu ya kwanza ilitoka Mei 1989. Mei 1990 wakakusanya watu takribani 27,000 kwenye onyesho lao la Spike Island. Kisha kesi na kampuni ya rekodi, wakashinda mwaka 1991, wakahamia kampuni nyingine, Geffen, wakaingia studio huko Wales, miaka ikaenda. Second Coming ikatoka Desemba 1994, miezi michache tu baada ya vijana wengine wa mji uleule, Oasis, kutoa albamu yao ya kwanza na kuikalia ile nafasi iliyokuwa wazi. Ukimngojesha mgeni wako miaka mitano kisha ukamwandalia pilau, ataonja mchele wakati moyo wake unahesabu miaka. Mimi sikungoja hata siku moja, nilipewa kanda na mjomba, ndiyo maana nilikula nikashiba.

Lakini hata ukiiondoa hiyo, kuna upungufu, na upo kwenye mpangilio wa sauti. Sikiliza Driving South. Gitaa juu ya gitaa juu ya gitaa. Squire anapiga vizuri mno, sitamnyima haki yake, na wanaosema amemezwa na Led Zeppelin, ile bendi ya zamani ya rock ya magitaa mazito, wana hoja. Ila msikilize Reni yuko wapi. Yule mtu kwenye albamu ya kwanza alikuwa anapiga drams huku anaimba sauti ya pili nyuma ya Ian Brown, na ile sauti yake ndiyo iliyokuwa inamshika Brown asianguke, maana Brown si mwimbaji wa koo kubwa. Kwenye hii ya pili, nyimbo nyingi zimemwacha Brown anahangaika chini ya magitaa. Nyimbo za kwanza ziliandikwa na Brown na Squire pamoja. Hizi nyingi aliandika Squire peke yake. Hata John Leckie, mtayarishaji wa albamu ya kwanza, alianza nao kazi ya pili akaondoka kabla haijaisha.

Hilo la nyimbo kutoka kwa mmoja peke yake nalisema kwa uhakika kwa kuwa nimelipitia mwenyewe. Mwaka 2006 tulikuwa wanne, mazoezi kila jioni kwenye chumba cha uani Chumbageni: solo, ridhimu, besi, drams, na mwenye ridhimu ndiye aliyeimba. Nyimbo zetu saba za mwanzo hakuna aliyeweza kusema huu wangu. Mmoja alikuja na kipande, mwingine akakikata, mpiga drams akasema hapa nyamazeni nipite. Tukapiga harusini, tukapata siku zetu kwenye hoteli moja Raskazone, watu wakaanza kuziomba kwa majina. Kisha mwenye solo akaenda Dar, akakaa miezi minane. Alirudi na nyimbo tisa zimekwisha kabisa, amezirekodi kwenye kompyuta, besi yangu ameshaipiga yeye kwa kinanda. Akatugawia tujifunze.

Zilikuwa nyimbo nzuri. Tatu kati yake zilikuwa nzuri kuliko zote saba za zamani, na nilimwambia hivyo. Lakini nilipokuwa nazipiga, vidole vyangu vilikuwa vinafuata njia ya mtu mwingine. Hakuna mahali nilipoweza kumtazama mpiga drams tukakubaliana kwa macho kwamba sasa tunakwenda. Harusi ya kwanza tuliyozipiga, ukumbi ulikaa. Hakuna aliyezomea, walikaa tu na soda zao, hadi shangazi mmoja wa bwana harusi akaja mbele akaomba ule wa zamani. Mpiga drams alivumilia wiki tatu. Siku ya nne ya wiki ya nne akamtuma mdogo wake kuja kuchukua vijiti.

Kwa hiyo nilipokuja kusoma kwamba Reni aliondoka mwaka 1995, albamu ikiwa na miezi tu tangu itoke, sikuhitaji maelezo. Squire mwenyewe alifuata 1996, na mwaka huohuo bendi ikafa. Walirudi pamoja miaka mingi baadaye, 2012 wakapiga Heaton Park mjini kwao, wote wanne.

Juu ya hoja kwamba albamu ya pili lazima iwe dhaifu: hapana. Nevermind ya Nirvana, 1991, ni ya pili. The Bends ya Radiohead, 1995, ni ya pili na imeiacha mbali ile yao ya kwanza, Pablo Honey. Queen ya Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa jirani Unguja, ilitoa Queen II mwaka 1974 na kuna watu, mimi mmojawao, tunaoiona ndipo bendi ile ilipojijua. Tuiache hiyo hoja.

Nije kwako, mkuu. Usiirudie Second Coming kuanzia mwanzo. Anza na Daybreak. Ni wimbo pekee mle ulioandikwa kwa majina ya wote wanne, na ukiuwekea spika nzuri utasikia tofauti hata bila kuambiwa: besi inatembea, drams zinajibu, gitaa linasikiliza. Kisha Ten Storey Love Song. Tightrope iweke usiku, watu wakishalala, usikie zile sauti zikipangana bila kelele ya umeme. Love Spreads, ambao ulifika nafasi ya pili Uingereza, usikilize kwa sauti ya juu. How Do You Sleep ukipenda. Good Times ruka, mimi huwa naruka.

Albamu ya kwanza usiiguse wiki nzima kabla ya hapo. Halafu siku ukiwa na nafasi, rudi Breaking into Heaven, na zile dakika nne za mwanzo zichukue kama bashraf. Ukimaliza, njoo hapa uniambie umemsikia Reni anafanya nini kwenye Daybreak pale Squire anapompisha.