Muulize Yaya wa Farmasi: Poda yangu ina nini ndani?

Swali: Yaya, salamu. Ninakaa Katuba, na poda, wanja na rangi ya mdomo ninavinunua soko la Kenya hapa Lubumbashi. Vingi vinapitia mpaka wa Kasumbalesa vimeandikwa Kiingereza, vingine Kichina kitupu. Jirani ananiambia kila rangi ya mdomo ina madini ya risasi na kila chenye paraben kinaleta kansa. Binti yangu wa miaka 15 ameanza kujipodoa kwa vitu vyangu. Nitajuaje kilicho salama?
Mama wa Katuba

Jibu: Mama, nakushukuru kwa kuuliza mapema. Wengi wanaonifikia hapa kaunta huja mashavu yameshawaka.

Anza na katoni. Kisicho na orodha ya viambato, jina la mtengenezaji wala namba ya toleo, kiache hapohapo mezani kwa muuzaji, hata akikupunguzia bei. Cha Kichina kitupu nacho kiache, maana huwezi kukikagua.

Kiingereza kisikutishe, kwa kuwa majina ya viambato karibu yote yanafanana popote: Aqua ni maji, Parfum ni manukato. Kinachotangulia kwenye orodha ndicho kingi zaidi. Zile CI zenye tarakimu tano ni rangi. Angalia poda yako, huenda ina CI 77491: hiyo ni oksidi nyekundu ya chuma, jamaa ya ile inayoupa udongo wetu wa Lubumbashi wekundu wake. Haina neno.

Risasi huwezi kuiona kwenye orodha, kwa sababu huingia kama uchafu pamoja na madini ya rangi. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipendekeza isizidi sehemu 10 katika milioni, na karibu rangi zote za mdomo zilizopimwa huko zilikuwa chini ya hapo. Kwa hiyo jirani amezidisha. Hofu yangu iko kwenye wanja wa unga unaouzwa kwa vichupa au vikaratasi bila jina. Wanja wa jiwe la galena ni madini ya risasi yenyewe. Mwingine umekutwa na risasi zaidi ya nusu ya uzito wake. Mtoto anajipaka, anajifuta jicho, mkono unaenda mdomoni. Huo utoe nyumbani leo.

Paraben ni vihifadhi. Ulaya imekataza aina tano, lakini methylparaben inaruhusiwa kwa kiwango maalumu. Krimu yenye maji isiyo na kihifadhi chochote, kwa joto letu la Oktoba, itaota vimelea, hata ikiandikwa kwamba ni ya asili.

Mama, linaloniumiza zaidi ni krimu ya kung'arisha inayopakwa chini ya hiyo poda. Tafuta neno Hydroquinone, kemikali ya kung'arisha ngozi: Ulaya ilikwisha kuikataza kwenye krimu hizo tangu 2001. Ikitumika muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi ya samawati shavuni, na kuyaondoa ni kazi ngumu sana. Krimu iliyokuwa nyeupe ikigeuka kahawia pembeni mwa kopo, ishuku, kwani hewa huibadilisha hydroquinone hivyo. Zebaki kwenye krimu hizo huandikwa calomel, mercurous chloride au ammoniated mercury. Mara nyingine haitajwi kabisa, ila unakuta onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha wala alumini. Ukisoma onyo hilo, rudisha kopo. Zebaki inaharibu figo, na hata mtoto asiyejipaka anaipata kwenye taulo na shuka za nyumbani. Clobetasol, ambayo nayo hutiwa kwenye baadhi ya krimu hizo, ni dawa ya ngozi ya kuandikiwa na daktari. Ikizoeleka usoni, ngozi inakuwa nyembamba. Aliyeitumia kwa miezi asiiache ghafla, aende kwanza kwa daktari wa ngozi.

Binti mnunulie vyake, katoni msome pamoja. Kipya apake kidogo ndani ya kiwiko, asubiri siku 2 kabla ya kukipeleka usoni. Ngozi ikiwasha, asikitumie. Wanja wa penseli msichangie kamwe. Ugonjwa wa macho mekundu hupita kwa njia hiyo.

Swali: Yaya, maskara yangu imekauka. Naweza kuongeza matone ya maji?
Msomaji wa Kamalondo

Jibu: Hapana, dada. Kihifadhi kilipimwa kwa ujazo uliokuwemo. Ukiongeza maji kinapungua nguvu, na brashi imeshabeba vimelea kutoka kwenye kope zako. Geuza kichupa utafute picha ndogo ya kopo lililo wazi: 6M maana yake miezi 6 tangu siku ulipokifungua. Maskara iliyokauka itupe hata kama muda huo haujafika, na ikiwa jicho liliuma ulipokuwa ukiitumia, usingoje ikauke.