Jibu: .308 au 6.5 Creedmoor kwa bunduki ya shabaha?

Mkuu, umesema uko Texas, uwanja wenu unafika yadi 1,000, na kinachokusumbua ni bunduki yako ya shabaha itumie aina gani ya risasi: .308 Winchester au 6.5 Creedmoor. Kwanza niambie utashindana wapi. Ukiingia daraja la F-TR (mashindano ya shabaha za mbali, unapiga ukiwa umelala) huna cha kuchagua zaidi ya .223 Remington na .308, sheria ndiyo hiyo. Hapo jenga .308 na mjadala umeisha.

Kama ni kupiga shabaha za karatasi na chuma tu, mimi nachukua 6.5 bila kusita. Risasi yake ya greni 140 (greni ni kipimo cha uzito) ni nyembamba na ndefu, inapenya hewa vizuri kuliko ya greni 175 ya .308, kwa hiyo upepo hauisukumi sana. Na huko kwenu shida ni upepo. Kushuka kwa risasi unakokotoa, upepo unakisia. Teke lake pia ni dogo, unabaki kwenye darubini na kuona risasi imetua wapi.

Ubaya wake ni mtutu: koo, yaani pale risasi inapoanza kuingia kwenye mtutu, linaliwa mapema, wakati .308 inadumu karibu maradufu. Mtutu ni kama tairi, uweke kwenye bajeti tangu sasa. Agiza wenye mzunguko wa 1:8, yaani mifereji ya ndani inazunguka mara moja kila inchi 8.

Hizo risasi ndogo za 6mm kina Dasher ni tamu kweli, ila utakesha unajaza maganda mwenyewe. Ziache kwanza. Uso wa bolti, pale panaposhika kitako cha ganda, ni uleule kwa hizo zote, kwa hiyo ukizitaka baadaye utabadilisha mtutu, na pengine magazini.