Sumu ya kunguru, kuku wa jirani: maswali yenu wiki hii

Kwa kawaida hapa tunajibu maswali ya mifugo na bustani. Wiki hii karibu kila aliyeandika amegusa jambo moja: watu wanaoua kunguru mitaani bila kumwuliza yeyote, na majirani waliokosana kwa sababu hiyo. Nimechagua maswali sita.

Mama mfugaji, Uyole, Mbeya: *Jirani yangu alimwaga mahindi yenye sumu nyuma ya nyumba yake ili aue kunguru wanaobeba vifaranga. Kunguru wawili walikufa, na matetea yangu matano pia. Nilipomfuata akasema kunguru ni ndege wavamizi, serikali imeruhusu wauawe, na kosa ni langu kwa kuachia kuku. Ana haki?*

Pole sana, mama. Hana haki. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inawahesabu ndege wa porini kuwa wanyamapori, na sumu ni moja ya njia ambazo sheria hiyo imezipiga marufuku. Kuchoshwa na ndege hakumpi mtu kibali cha kutega sumu mahali wanapopita kuku wa watu, mbwa na watoto.

Hilo la "serikali imeruhusu" nimelisikia hata sokoni Mwanjelwa, na najua lilikotoka. Juni 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja hadi mwisho wa mwaka ule. Walengwa walikuwa kunguru wa Kihindi wanaosumbua pwani ya huko. Dar es Salaam nako kumewahi kuwa na kampeni ya kuwapunguza kunguru hao hao. Habari ikapita simu hadi simu, kila mtu akipunguza neno, na ilipofika kwetu yamebaki maneno matatu: kunguru wauawe, ruksa.

Kilichopotea njiani ndicho kilichokuwa muhimu. Sumu inayotumika katika kampeni hizo huitwa Starlicide. Huingizwa nchini kwa kibali na kushikwa na watu waliofundishwa. Kwanza huwazoesha kunguru chambo safi kwa siku kadhaa, wakiangalia ni ndege gani wanaokuja kula, na ndipo wanapoweka chambo chenye dawa. Kinachobaki hukusanywa. Hata dawa hiyo inaweza kumuua kuku akiila, ndiyo maana haimwagwi uani. Sasa tazama picha uliyonitumia: punje za rangi ya waridi zimetapakaa kwenye majani ya maboga. Rangi hiyo ndiyo yanayopakwa mahindi ya mbegu pamoja na dawa, ili mtu asiyale. Kuku hajui maana ya rangi.

La haraka ni hili. Kuku hao msiwale, msiwauze, msiwape mbwa, na mayai ya matetea yaliyobaki yatupeni mpaka afisa mifugo aseme vinginevyo. Mmoja mfunge katika mifuko miwili umpelekee afisa mifugo wa kata, wengine wafukie shimo refu mbali na kisima. Okota punje zote kwa mikono iliyovaa mifuko. Ukitaka kudai fidia, utahitaji ushahidi. Polisi wanaweza kupeleka sampuli kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda hapo hapo Mbeya. Lakini anza kwa balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa, na uende ukiwa umetulia. Jirani yako amekukosea sana, ila vifaranga vyake navyo vilibebwa kweli, na mtu aliyepata hasara hasikii kitu akifokewa.

Msomaji wa Kihesa, Iringa: *Nitamtofautishaje kunguru mvamizi na kunguru wetu? Mimi naona wote ni weusi.*

Nakushukuru kwa swali hili, kwa sababu ugomvi mwingi ungeisha hapa.

Mwaka jana niliitwa kwenye kiwanja kimoja kumtazama "kunguru wa Zanzibar" aliyeuawa. Alikuwa chini ya mkaratusi, kifudifudi, vidole vya miguu vimejikunja kama ngumi. Nikamgeuza kwa kijiti. Kifua kilikuwa cheupe kama shati la shule, na weupe huo ulizunguka mpaka nyuma ya shingo. Punje moja ya waridi ilikuwa bado imebanwa mdomoni. Aliyemuua alikuwa amesimama karibu, ana furaha, anawaeleza watoto kwamba ameokoa mtaa. Nilimwambia ukweli: huyu ni kunguru wa Afrika, wa hapa hapa, aliyekuwapo kabla ya nyumba zetu zote. Alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa yule mwingine yukoje?" Swali hilo alipaswa kuliuliza kabla hajanunua sumu.

Yule mwingine, kunguru wa Kihindi ambaye wengine humwita wa Zanzibar, ni mdogo kuliko huyu na mwembamba zaidi. Kote ni mweusi unaong'aa, ila shingo, kisogo na kifua ni kijivu, kama aliyejipaka majivu. Hana weupe popote. Ukiona weupe, huyo si mgeni.

Halafu tunaye wa tatu, kunguru wa milimani. Ni mkubwa, mweusi, ana baka jeupe nyuma ya shingo tu, na mdomo mnene uliopinda, wenye ncha nyeupe. Wakazi wa chini ya mlima Loleza wanamwona akicheza na upepo juu ya miamba. Na huyu ni wa kwetu. Kwa hiyo kati ya kunguru watatu, mtu anayemwaga sumu huku nyanda za juu ana uwezekano mkubwa wa kuua wale wawili ambao hakuwakusudia.

Baba wa Mafinga: *Mwandishi, unatetea ndege kuliko watu. Unataka tusubiri wajae kama Dar ndipo tuchukue hatua?*

Hapana, baba, na hofu yako ni ya haki. Kunguru wa Kihindi aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Ilionekana ni wazo zuri. Akazaana, akavuka bahari, na mwaka 1947 akaonekana Mombasa. Leo ameenea mwambao mzima. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, anawafukuza mpaka bustani inabaki na sauti yake peke yake. Aliyekulia Dar na kusikia ndege wadogo asubuhi anajua ninachosema. Mimi simpendi ndege huyo hapa, na nasema wazi kwamba mahali alipojaa lazima apunguzwe.

Lakini fikiria namna anavyosafiri. Anafuata watu, barabara na jalala. Akifika mji mpya huwa wachache, na hapo ndipo wanapoweza kunaswa wote kwa mtego wa kizimba wakiwa hawajazoea. Hilo linahitaji mtu aliyepiga picha na kutoa taarifa kwa afisa wanyamapori wa halmashauri siku ile ile. Sumu ya uani inafanya kinyume. Kunguru ni ndege mwenye akili. Akimwona mwenzake anakufa penye chambo, mahali pale hapasogelei tena, na atakayekuja kwa mtego halali atakuta ndege waliokwisha kujifunza. Kwa hiyo ninamtetea mfugaji wa kuku, na ninataka kazi hii ifanyike vizuri ili ifanikiwe.

Mkulima wa mpunga, Ubaruku, Mbarali: *Kwelea kwelea wakivamia, serikali inaleta ndege ya kunyunyiza sumu. Kwa nini mimi nikitumia sumu yangu niambiwe nimevunja sheria? Na wale waliokufa wanaliwa?*

La mwisho kwanza: hawaliwi. Sumu inayonyunyiziwa kwelea kwelea ni ya jamii ya viuatilifu vinavyodhuru mishipa ya fahamu ya binadamu, na haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Kule Kondoa watu wamezoea kuwanasa kwa nyavu na kuwala, na hao ni salama kwa sababu hawakupuliziwa kitu. Usichanganye mambo hayo mawili.

Kwelea kwelea si mgeni, ni ndege wa Afrika anayehama kufuata mvua na nafaka. Ila hasara yake ni ya kutisha. Mmoja hula takriban gramu 10 kwa siku, kwa hiyo kundi la milioni moja linamaliza tani 10 kabla jua halijazama. Siwezi kumwambia mtu aliyekopa mbolea avumilie hilo. Ndiyo maana kazi hii wamepewa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu: wanatafuta malalo, wanasubiri jioni ndege wakishatulia, wanapulizia pale wanapolala. Wewe ukimwaga sumu kwenye jaruba, inaingia katika maji ambayo jirani wa chini anachota, na anayekuja kuokota ni korongo taji, bata au mtoto wako. Toa taarifa kwa afisa kilimo mapema, mkiona vikundi vya kwanza, msingoje wingu. Mpaka hapo ni kuamia kama wazee walivyoamia: dungu, makopo, kombeo na watu wa kupokezana tangu alfajiri. Najua inachosha. Mkipanda kwa pamoja eneo zima, mpunga unaiva kwa wakati mmoja na siku za kuamia zinapungua.

Mwenyekiti wa mtaa, Makambako: *Mtaa wangu umegawanyika. Wengine wanachanga fedha za sumu, wengine wanatishia kwenda polisi. Nifanye nini?*

Itisha mkutano, mwenyekiti, lakini kabla ya siku hiyo tembea na watu wawili, mmoja kutoka kila upande, mkapige picha za kunguru wenyewe na za mahali wanapokula. Nakuhakikishia mtakuta wengi wako sehemu mbili au tatu: kizimba cha taka kisichofunikwa, nyuma ya bucha, na mahali wanapomwaga utumbo wa kuku. Mwalike afisa wanyamapori na bwana afya. Wafugaji wapewe nafasi ya kwanza kuzungumza, maana wao ndio wenye hasara, na wakisikilizwa sumu itapungua nguvu yenyewe.

Fedha zilizokwisha kuchangwa zisirudishwe mifukoni kabla hamjapigia hesabu nyavu. Kifaranga kinahitaji ulinzi wa juu kwa wiki sita hadi nane za mwanzo, baada ya hapo kunguru hawezi kukibeba. Tenga linatosha kwa mama mwenye kuku mmoja. Kwa wengine, banda dogo la wavu la kupokezana linawezekana kwa mchango huo huo. Na iandikwe kwenye muhtasari, kwa majina ya waliohudhuria, kwamba hakuna sumu itakayotegwa mtaani. Maneno ya mdomo yatasahaulika vifaranga vikibebwa tena.

Mwanafunzi, Tukuyu: *Shikamoo. Kinda la kunguru limeanguka kutoka kwenye mparachichi wetu. Lina weupe kifuani. Kaka anataka kulipiga manati. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Mwonyeshe kaka huo weupe, umweleze maana yake. Kama kinda halijaumia, liwekeni kwenye tawi au ndani ya kikapu kilichofungwa juu ya mti, mbali na paka. Wazazi wake hawatalikataa kwa sababu limeguswa na mkono, wataendelea kulilisha. Ngazi ishikwe na mtu mzima, na atakayepanda avae kofia nene, kwa kuwa mama yake atamshukia kichwani.