Wasipokudai kadi ya chanjo, mchukue mbwa wako uondoke

Mkuu mleta mada, simama hapo hapo. Umeandika kwamba mtoto wako wa mbwa ana wiki 10, aliyekuuzia kasema "keshachanjwa", Jumamosi unataka kumpeleka bustani ya mjini akacheze na wenzake, kisha wiki ijayo umwache hosteli ya mbwa maana una safari ya kikazi. Umeomba tukutajie sehemu za kumtembeza, saluni, mtu wa kumtembeza ukiwa kazini, hosteli na mkufunzi. Wadau hapo juu wameshaanza kukumiminia majina. Mimi sikutajii hata moja kabla hujanijibu: hiyo chanjo ni ya ngapi, na imeandikwa wapi?

Mtoto wa wiki 10 mwenye chanjo moja bado hajakingwa. Akikanyaga mahali alipojisaidia mbwa mwenye parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuharisha damu, hata kama ilikuwa miezi kadhaa nyuma na kinyesi chenyewe hakionekani tena, anaweza kuugua. Nasema kwa ukali kwa sababu maneno uliyoambiwa wewe ndiyo niliyoambiwa mimi, karibu neno kwa neno, na mbwa wangu nimemzika.

Aliitwa Duma. Wa kahawia, sikio moja limesimama, jingine limelala. Muuzaji alinikabidhi pamoja na kijikadi kilichokunjwa. Ndani kulikuwa na tarehe moja iliyoandikwa kwa kalamu na neno "chanjo", basi. Hakuna stika, hakuna muhuri, hakuna jina la chanjo wala la daktari. Nikamuuliza kimebaki nini. Akasema, "Huyu keshamaliza, we mtembeze popote, mbwa lazima azoee mazingira." Mtu ana mbwa wengi uani, anaongea kwa kujiamini, anakutajia mbegu na ukoo wa kila mmoja. Ungemwamini na wewe.

Ikaja safari, nikatafuta pa kumwacha. Pale hosteli palikuwa pazuri kweli: nyasi zimekatwa, mabanda yamepakwa rangi, harufu ya dawa yenye manukato inakupokea getini. Jamaa wa mapokezi aliniuliza mbwa anakula nini, mara ngapi kwa siku, nitamchukua lini na nitalipaje. Kadi hakuiulizia. Nikaitoa mwenyewe mfukoni, akanirudishia bila kuifungua: "Hamna shida bosi, mbwa wetu wote hapa ni wazima."

Wadau, hapo ndipo nataka kila mwenye mbwa anisikilize. Mtu ambaye hakuiangalia kadi ya mbwa wangu hajaiangalia kadi ya mbwa yeyote aliyelala kwenye lile banda kabla yake. Na hilo neno "wazima" halina maana yoyote kwenye ugonjwa huu. Parvo kwa kawaida huchukua siku 3 hadi 7 tangu maambukizi mpaka dalili, wakati mwingine hadi 14, na mbwa huanza kumwaga virusi kwenye kinyesi kabla hujaona lolote. Anakimbia, anatingisha mkia, anacheza na wenzake, na kila anapojisaidia anaacha ugonjwa chini.

Duma nilimchukua akiwa anarukaruka. Siku chache baadaye akaacha chakula, na yule hakuwa mbwa wa kuacha chakula. Jioni akatapika povu la manjano. Usiku akaanza kuharisha, na alfajiri ilikuwa damu, yenye harufu nzito ambayo ukishainusa mara moja huisahau. Nilipomfungua mdomo fizi zilikuwa zimepauka, zinanata kwenye kidole. Hiyo ni dalili ya mwili kuishiwa maji. Dokta alichukua kinyesi kidogo kwa kijiti cha pamba, akakipima pale pale mezani. Zilipita dakika chache tu, mstari wa pili ukatokea: ni parvo.

Akanieleza huku anatafuta mshipa wa kuweka dripu. Virusi hivi vinapenda chembe zinazojigawa haraka, kwa hiyo vinashambulia utando wa ndani wa utumbo na uboho wa mifupa. Utando ukichubuka, mbwa anapoteza maji na damu, na bakteria wa tumboni wanapata njia ya kuingia kwenye damu. Wakati huo huo uboho umeshapigwa, chembe nyeupe za damu zimeshuka, hakuna wa kupigana nao. Kazi kubwa ya matibabu ni kuushikilia mwili mpaka upigane wenyewe: maji ya dripu, dawa za kuzuia kutapika, antibayotiki, chakula kidogo kidogo, na kutengwa na mbwa wengine. Wasiotibiwa wengi hufa. Wanaowahishwa na kulazwa chini ya uangalizi wa karibu, asilimia 80 hadi 90 hupona. Duma hakuwa kwenye fungu hilo. Alikata roho akiwa na dripu mguuni.

Nilimpigia muuzaji. Akasema labda nimempa chakula kibaya! Nikapiga hosteli, wakasema wao wanapiga dawa kila asubuhi. Dawa gani? Ile yenye manukato? Virusi vya parvo havina lile ganda la mafuta ambalo sabuni na spiriti hulivunja kwa virusi vingine, ndiyo maana dawa nyingi za kusafishia sakafu vinazivumilia vizuri tu. Kinachoviua kwa uhakika ni klorini: unaondoa kwanza uchafu wote, unaosha, halafu unamwaga dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji na kuacha sakafu ibaki imelowa kwa dakika 10. Hiyo ni kwa saruji na vigae. Kwenye udongo na nyasi klorini inaishiwa nguvu haraka, na penye kivuli virusi vinaweza kukaa mwaka mzima au zaidi. Kwa hiyo zile nyasi nzuri nilizozisifia ndizo zilikuwa hatari kuliko kitu chochote pale. Mtu anayelipwa kulaza mbwa wa watu halijui hilo, au analijua na anaona kuulizia kadi kutamfukuzia wateja. Sijui lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi. Na yule muuzaji anauza watoto wa mbwa mpaka leo.

Sasa, kwa nini chanjo moja haitoshi, maana hapa ndipo wauzaji wanapotupiga. Mtoto wa mbwa anapata kinga kutoka kwa mama yake kupitia maziwa ya mwanzo. Kinga hiyo inamlinda, lakini pia inaizuia chanjo isifanye kazi, sawa na mlinzi wa getini anayemfukuza mgeni aliyealikwa kwa sababu hamjui. Inapungua taratibu, na kila mtoto ana wakati wake. Hata wa tumbo moja hutofautiana. Ndiyo maana dozi hurudiwa. Miongozo ya WSAVA, chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, inasema anza wiki ya 6 hadi 8, rudia kila baada ya wiki 2 hadi 4, na dozi ya mwisho ya utotoni itolewe akiwa na wiki 16 au zaidi. Baada ya hapo inatakiwa nyingine akifika wiki 26 hivi, kumnasa yule ambaye kinga ya mama ilichelewa kuisha. Zinafuata za marudio kadiri daktari atakavyopanga, na kichaa cha mbwa kina sindano yake kuanzia wiki ya 12. Kwa hiyo mtu akikwambia mtoto wa wiki 10 "keshamaliza", haelewi anachokisema au anakudanganya, na wewe usipoteze muda kujua ni lipi.

Halafu angalia kadi yenyewe. Chupa ya chanjo huwa na kistika chenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Daktari hukibandua na kukibandika kwenye kadi, anaandika tarehe, anasaini na kugonga muhuri. Kadi ya kalamu tupu haithibitishi kitu. Wapo wanaojichomea wenyewe mbwa wao uani, na chanjo inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka kwenye sindano. Ikishinda juu ya meza, unamchoma mtoto maji.

Najua kuna watakaokuja kusema mbwa wa babu zao hawakuchanjwa na waliishi hadi uzeeni. Ni kweli, na sababu ipo: parvo hii ya mbwa ilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1978 ndipo ilipolipuka na kusambaa duniani kwa muda mfupi. Babu zenu hawakuwahi kukutana nayo. Mbwa wenu wanakutana nayo leo barabarani, kwenye viatu vyenu, kwenye magurudumu ya gari.

Sisemi umfungie ndani. Umri wa wiki 3 hadi 14 hivi ndio mtoto wa mbwa anapojifunza kipi ni cha kawaida na kipi cha kuogopa, na akikosa kipindi hicho unaweza kulea mbwa mwoga anayeng'ata. Mbebe. Kaa naye kwenye benchi ukiwa umempakata, asikie honi na pikipiki, aone watoto, wazee, watu wenye miamvuli. Mpeleke nyumbani kwa rafiki mwenye mbwa mtu mzima aliyekamilisha chanjo, ua ambao haujawahi kuwa na mgonjwa. Darasa la watoto wa mbwa linafaa hata kabla hajamaliza dozi zote, ila awe amepita angalau siku 7 tangu dozi ya kwanza, liwe ndani, sakafu inaoshwa kwa dawa sahihi, na kila mwanafunzi anaonyesha kadi mlangoni. Bustani ya wazi inayopitiwa na mbwa wa kila aina, hapana. Subiri wiki kama 2 baada ya dozi ya wiki 16.

Akishafika huko, tafuta uwanja wenye uzio na mageti mawili, ili lile la kwanza lifungwe kabla la pili halijafunguliwa. Nenda asubuhi au jioni. Weka mgongo wa mkono wako kwenye lami, usipoweza kuvumilia sekunde chache, nyayo zake nazo haziwezi. Beba maji na bakuli lake. Asinywe madimbwi, homa ya mgunda inakaa humo kutokana na mkojo wa panya, na ile inaambukiza hata binadamu. Mkirudi nyumbani mpapase masikioni na katikati ya vidole, kupe wanapenda kujificha huko.

Kwa hosteli, saluni na watembezaji, fanya hivi. Piga simu, usijitambulishe sana, sema: "Mbwa wangu sina kadi yake ya chanjo, naweza kumleta kesho?" Wakijibu "mlete tu", kata simu na ufute namba. Wakikuambia hapana, au wakataka wewe uanzie kwa daktari, endelea kuzungumza nao. Usijali rangi ya mabanda, wala picha walizoweka mtandaoni, wala bei. Ningekuwa nimepiga simu ya namna hiyo ningejua kila kitu kabla ya kutoa gari.

Kuhusu safari yako ya wiki ijayo, kama huwezi kuiahirisha, mtafute mtu aje akae na mtoto nyumbani kwako, mtu asiyetoka kwenye nyumba yenye mbwa wagonjwa, na viatu avue mlangoni. Ukisikia mtoto amekataa chakula na kutapika siku hiyo hiyo, apelekwe kwa daktari usiku huo huo, na kabla ya kumwingiza chumba cha kusubiria, aliyempeleka atoe taarifa mlangoni ili wasimchanganye na wengine.

Jumamosi usiende. Piga picha ukurasa wa stika kwenye hiyo kadi, ficha jina na namba yako ya simu, iweke hapa tuione.