Hiyo siyo hedhi iliyorudi, dadangu, kapimwe kesho

Dadangu, weka kijiko chini. Swali lako nimelisoma mara mbili, kisha nikatoka kitandani saa saba ya usiku nije nikujibu, kwa sababu kuna sentensi umeipitisha haraka haraka hapo katikati, ati hedhi yako ilikatika mwaka na miezi mitatu iliyopita, na sasa tangu uanze huo unga wa dawa za miti wa kutuliza majoto ya kukoma hedhi umeona damu siku mbili na muuzaji amekupongeza ati hedhi imerudi. Hapo ndipo penye mambo. Hayo mengine ya joto la usiku, usingizi, ukavu, uchanganye na uwatu au habasoda, uongeze dozi au usiongeze, yangoje.

Mwanamke akishapita miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, amekoma, na damu yoyote inayokuja baada ya hapo inataka kupimwa, hata iwe tone, hata iwe ya rangi ya chai. Mie nilikuwa na miaka 53, nikaambiwa maneno haya haya unayoambiwa wewe, karibu neno kwa neno, nikapoteza miezi saba na kizazi juu yake.

Hedhi yangu ya mwisho ilikuwa Novemba 2020. Majoto yalinisumbua tangu kabla ya hapo lakini kaskazi ya 2022 ndiyo iliyonimaliza, unaijua Februari ya Mombasa vile feni yenyewe inapuliza moto, sasa ongeza na ule wa ndani unaoanzia kifuani unapanda shingoni mpaka masikio yanawaka, usiku mmoja nabadilisha leso mbili zimelowa chapachapa. Wifi yangu akanipeleka kwa mama mmoja nyuma ya Marikiti, jina simtaji. Makopo meupe ya plastiki, hayana jina wala orodha ya kilichomo, kipande cha karatasi kimebandikwa na kuandikwa kwa kalamu ya bluu "kutwa x2". Ukifungua kinakupiga mdalasini, halafu nyuma yake mvuje. Kopo 1,500. Nikamuuliza ndani mna nini, akasema mizizi saba. Nikamuuliza mizizi gani, akasema ya wazee. Na mie nikatoa pesa.

Majoto yalipungua kweli, siwezi kudanganya, ingawa na masika nayo yalikuwa yashaanza kubisha hodi kwa hivyo sijui nishukuru unga au mvua. Ramadhani mwaka ule iliingia Aprili. Siku ya nne naamka kula daku naona damu kwenye leso, nyekundu kabisa. Wallahi nilifurahi. Nilimwamsha mume wangu nikamwambia, nikaacha kufunga na kusali siku saba nzima nikijua niko mwezini. Nilipompigia yule mama akapiga vigelegele kwenye simu, akasema kizazi kilikuwa kimelala sasa kimeamka, kinatoa uchafu wa miaka, nisikatishe, nitoke kijiko kimoja niende viwili. Akaniuzia makopo mengine mawili.

Juni ikaja tena, siku kumi. Agosti ikaja na mapande mapande kama maini. Kila nikipiga simu jibu ni lile lile, "Damu chafu hiyo mamangu, iache itoke."

Hilo neno damu chafu nikilisikia mpaka leo natetemeka kwa hasira. Hakuna stoo ya uchafu ndani ya kizazi. Kuna utando, ndio unaobomoka ukatoka kila mwezi, na ukishakoma ule utando unatakiwa uwe mwembamba ukae kimya. Ukianza kutoa damu kuna sababu yake, pengine umekauka ukachubuka, pengine kuna kinyama kimeota, pengine umenenepa kupita kiasi, pengine ni kansa, na hakuna binadamu anayeweza kujua ni ipi kwa kusikiliza simu huku anapima unga wa mteja mwingine. Yule mama hakuwahi hata siku moja kuniuliza mara ya mwisho nilipata hedhi lini. Swali moja tu, angeniuliza hilo moja! Na wifi yangu naye, ambaye nampenda, alikuwa ananiambia hospitali watanitoa kizazi bure bure, nikaogopa, na mwisho wake kikatolewa vile vile kwa sababu ya kuogopa.

Novemba navuka na feri kutoka Likoni, jioni, watu tumebanana kama dagaa. Nahisi kitu cha moto kinateremka mguuni nikadhani jasho. Mama mmoja nisiyemjua akanigusa bega, akasema pole pole, "Dada, jifunge hii," akajivua leso aliyojitanda akanizungushia kiunoni kwa mikono yake. Kutazama chini damu ishafika kwenye ndara. Kufika ng'ambo siwezi kupanda ule mlima, miguu imekufa, nikawekwa kwenye tuktuk mpaka hospitali. Leso ninayo, mwenyewe sijamwona tena.

Damu yangu ilipopimwa ilikuwa 6.8 wakati mwanamke mzima anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Nikaongezwa painti mbili, wanangu wawili wakaenda kutoa nyengine za kurudisha. Kesho yake altrasaundi, ile ya kupitia chini. Daktari akanigeuzia skrini akanionyesha mstari mweupe, mnene, akaupima mbele yangu, milimita 19. Akaniambia mwanamke aliyekoma na anatoka damu, ule utando wakikuta umezidi milimita 4 hawamwachi, lazima wachukue kipande. Wakachukua kwa kimrija chembamba, inauma kama tumbo la hedhi kali, dakika moja hivi imekwisha. Nakwambia hili la maumivu kwa sababu najua ndilo unaloliogopa.

Jibu likarudi seli zishaanza kugeuka. Januari 2023 nikatolewa kizazi, na kilipopimwa ikaonekana kansa ndogo imeanza, Alhamdulillahi ilikuwa bado imo ndani haijatoka. Mpaka leo naenda kukaguliwa.

Na kopo nilikuwa nimelibeba. Daktari akauliza hiki ni nini, nikakosa la kusema, mizizi saba ya wazee. Akasema hawezi kujua kama ndani mna kitu kinachofanya kazi kama istrojeni, ile homoni ya kike, maana istrojeni ikiwa peke yake bila homoni mwenzake, projesteroni, ya kuizuia ndiyo hunenepesha ule utando. Sisemi unga ndio ulionipa ugonjwa, uzito wangu na sukari pia vinaongeza hatari na alinieleza. Nasema unga ulinipa jibu la uongo kwa damu ya kweli, nikakaa nyumbani nimetulia na jibu langu tangu Aprili mpaka Novemba.

Sikutishi. Wanawake kumi wakitokwa na damu baada ya kukoma, karibu tisa inakuwa si kansa, na inshallah wewe uko katika hao tisa. Lakini geuza upande wa pili, wale wenye hii kansa, karibu tisa katika kumi walitangulia kuona damu. Mwili unakupigia hodi mapema, wakati bado pana cha kufanya.

Dawa za miti sizichukii, mamangu alitulea kwa mwarobaini na tangawizi, na uwatu uko jikoni kwangu saa hii. Uwatu unashusha sukari kwa hivyo kama unameza dawa za sukari daktari ajue. Vile vidonge vya kohoshi ulivyouliza, ule mmea wa Amerika Kaskazini, tafiti hazikubaliani kama vinatuliza joto na wako watu walioumia ini baada ya kuvitumia. Lakini usimeze hata kimoja katika hivyo mpaka ujue hiyo damu inatoka wapi, kwa sababu kitu chochote utakachomeza sasa hivi, damu ikikatika utasema kimekuponya na ikizidi utasema kinasafisha.

Kesho amka mapema kabla foleni haijawa ndefu. Ukifika usiseme "nina matatizo ya hedhi", maana utaandikiwa dawa ya maumivu urudi nyumbani. Sema hivi, hedhi yangu ilikatika mwaka na miezi mitatu iliyopita na sasa natoka damu, nataka altrasaundi ya kizazi. Wakikuambia ni kawaida kwa umri wako, omba kuonana na daktari wa kina mama, ukae hapo hapo. Kopo libebe hata ukiona haya. Yule muuzaji akikupigia usipokee.

Ukitoka tu niandikie hapa walikuta milimita ngapi, mie sitalala vizuri mpaka nijue.