Wakristo wa kwanza na kurudi kwa Yesu: maswali yenu ya wiki hii

Mtumishi, eti Paulo alidhani Yesu atarudi yeye mwenyewe akiwa bado hai? Kuna jamaa kazini anasema basi alitudanganya.

Ndugu, kasome 1 Wathesalonike 4. Ameandika kabisa "sisi tulio hai, tutakaosalia", kwahiyo ndio, aliona inawezekana kabisa yeye awepo. Lakini angalia kwanini aliandika, ilikuwa kama mwaka 50 au 51 hivi, yuko Korintho, na kule Thesalonike watu wamefiwa. Walishampokea Kristo, wanamngoja, afu wenzao wanaanza kufa, sasa wanajiuliza hawa tuliowazika ndo wamekosa? Paulo anawajibu hapana, waliolala watafufuka kwanza, wala sisi hatutawatangulia. Yaani ile ni barua ya msiba, tarehe hajataja hata moja. Na baadaye akiwa kifungoni akiwaandikia Wafilipi anasema anatamani kwenda kukaa na Kristo, kumaanisha alishaona kwamba anaweza kufa kabla na tumaini lake halikuyumba. Uongo uko wapi hapo?

Ni kweli waliacha kazi wakakaa tu wanasubiri?

Wapo, ila sio wote. 2 Wathesalonike 3 inawasema watu wasiofanya kazi wanaozunguka kwenye mambo ya wengine, na dawa yao ni hii hapa: asiyetaka kufanya kazi na asile. Barua yenyewe haisemi waziwazi kwamba waliacha kazi sababu ya kumngoja Bwana, hiyo tunaunganisha wenyewe kwa vile sura ya 2 inawatuliza waliosikia kwamba siku ya Bwana imeshafika.

Hizi habari za kutaja tarehe zimeanza juzi juzi au hata zamani zilikuwepo?

Dada yangu, zamani sana! Hipoliti wa Roma, mwalimu na mwandishi wa kanisa mwanzoni mwa miaka ya 200, kwenye maelezo yake ya kitabu cha Danieli anasimulia kiongozi mmoja wa kanisa huko Siria aliyewatoa watu na wake zao na watoto wakaenda nyikani kumlaki Kristo. Wakapotea milimani, mkuu wa mkoa akadhani ni majambazi, nusura awaue wote, kilichowaokoa ni mke wake aliyekuwa muumini akamsihi. Kiongozi mwingine wa kanisa huko Ponto (kaskazini mwa Uturuki ya leo) aliota ndoto akatangaza hukumu ni ndani ya mwaka mmoja, watu wakaacha mashamba bila kulima, wengine wakauza kila kitu, mwaka ukaisha na hakuna kitu, waliouza wakaishia kuombaomba. Cha kuchekesha, Hipoliti huyo huyo akapiga hesabu zake, Kristo kazaliwa mwaka 5500 tangu Adamu na dunia ni ya miaka 6000, kwahiyo mwisho ungekuwa kama mwaka 500. Mimi naona alichokifanya ni kuisogeza mbali tu ili watu watulie, ila hesabu ni hesabu na Marko 13:32, ile inayosema siku hiyo hakuna aijuaye ila Baba, alikuwa nayo.

Walikuwa wanaomba aje haraka kweli, au ni kwenye nyimbo tu?

Walikuwa wanaomba. Kwenye Didake, kitabu cha zamani cha mafundisho ya kanisa, sala ya baada ya chakula inasema neema na ije na dunia hii ipite, halafu inafunga na Maranatha, yaani "Bwana wetu, njoo". Lakini kufika mwaka 197 hivi Tertuliani, mwandishi Mkristo wa Karthago (Afrika Kaskazini), anawaambia watawala wa Roma kwamba Wakristo wanamwombea Kaisari na wanaomba pia mwisho ucheleweshwe! Kumbuka yeye alikuwa anajitetea mbele ya serikali, huwezi kumwambia Mrumi kwamba kila jioni unaomba dunia yake ipite.

Wote waliamini Yesu atatawala miaka 1000 hapahapa duniani?

Hapana. Yustino Shahidi, mwalimu Mkristo wa katikati ya miaka ya 100, aliamini hiyo miaka 1000, Yerusalemu ijengwe upya na kila kitu, lakini alikiri mwenyewe kwamba Wakristo wengi wacha Mungu hawaoni hivyo.