Mchana wa Unguja si mchana wa Makete

Mhariri,

Wiki iliyopita mliwauliza wasomaji namna ya kumpeleka mapumzikoni kisiwani mzazi mzee ambaye mwili wake hauhimili joto, naye akafurahia badala ya kuvumilia tu. Ninajibu kwa sababu nimempeleka mama yangu Unguja mara mbili, mara ya kwanza vibaya na mara ya pili vizuri, na kilichotofautisha safari hizo mbili hakikuwa fedha wala ubora wa hoteli, bali saa tulizotoka nje na saa tulizokaa ndani.

Mama ana miaka 76. Amezaliwa na kuzeekea Makete, kwenye milima inayozidi mita 2,000, ambako mwezi wa Julai mtu huamka akakuta barafu nyembamba juu ya nyasi na majani ya viazi yameungua kwa baridi. Kwetu saa sita mchana ndiyo saa ya kutoka. Wazee huketi kando ya ukuta wakaota jua, na asubuhi na jioni hukaa ndani karibu na moto. Hivyo tulipofika Unguja mwezi wa Februari, mimi na Mama tulikwenda na mazoea hayo bila kuyafikiria: asubuhi tulichelewa kutoka, mchana tukazunguka, na jioni, pale upepo ulipoanza kuwa mtamu, tukarudi chumbani kulala.

Siku ya pili tulikwenda kwenye mashamba ya viungo kuanzia saa tano. Mama hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo ningependa kila mwenye mzazi mzee alikumbuke. Nilimwona ameshika shina la mkarafuu kwa mikono yote miwili, nikadhani anapenda kuligusa. Kumbe alikuwa akilitumia kusimama. Nilipomkaribia aliniuliza kama ng'ombe wameshapewa majani. Uso wake ulikuwa ukiwaka na maneno yake hayakuwa ya mahali tulipokuwa. Tulimlaza kivulini, tukamlegeza nguo, tukalowesha kanga na kumfunika shingoni na kwapani huku tukimpepea, kisha tukamkimbiza hospitali. Alipona, lakini siku zote zilizobaki alizitumia akitazama dari.

Daktari aliyemhudumia alinieleza mambo ambayo laiti ningeyajua kabla ya kukata tiketi. Mwili wa mzee hutoa jasho kidogo kuliko wa kijana na huchelewa kuhisi kiu, kwa hiyo anaweza kuwa amepungukiwa maji bila kutamani hata funda moja. Baadhi ya dawa za presha huongeza tatizo: zile zinazokojosha humpunguzia maji, na nyingine huuzuia moyo kuongeza kasi pale unapotakiwa kusukuma damu kwenye ngozi ili joto litoke. Tena joto la pwani huja pamoja na unyevu, na jasho lisipokauka juu ya ngozi halipoozi mwili. Zaidi ya hayo, mwili huhitaji kati ya wiki moja na mbili kuzoea joto jipya, ilhali sisi tulikuwa tumepanga kukaa siku tano.

Miaka mitatu baadaye Mama mwenyewe ndiye aliyesema kwamba anataka kurudi, kwa sababu bahari hakuiona vizuri. Safari hiyo tulianza kuipanga kwa kuchagua mwezi. Februari na Machi ni kilele cha joto Unguja, mchana ukifika karibu nyuzi 32 au 33, na usiku hauna nafuu kubwa. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kipupwe, upepo wa kusi huvuma, mchana hukaa karibu na nyuzi 28 na usiku hushuka hadi 22 hivi. Tulichagua Agosti, na tukachagua Jambiani, kwa kuwa pwani ya kusini mashariki hupokea kusi moja kwa moja kutoka baharini, wakati upande wa mjini umekingwa. Kusi hiyohiyo huichafua bahari, kwa hiyo anayevuka kutoka Dar es Salaam kwa boti, safari ya kama saa mbili, amketishe mzee katikati ya chombo, sehemu ya chini, mahali ambapo mrusho ni mdogo.

Kisha tukapanga saa, na hapa tuliwafuata wenyeji. Mtu wa Unguja hufanya shughuli zake alfajiri na asubuhi, mchana hujisitiri barazani au ndani, na alasiri hutoka tena. Tuliamka saa kumi na moja na nusu, tukawa nje hadi saa tatu, na kuanzia hapo hadi saa kumi alasiri Mama hakukanyaga jua. Siku tuliyokwenda msitu wa Jozani kuwaona kima punju tuliingia mapema asubuhi, chini ya miti. Mji Mkongwe tuliuzuru jioni, vichochoro vikiwa vyote kivuli, na Forodhani tulifika baada ya Magharibi. Kila siku tulifanya jambo moja tu. Wapo watakaoona kwamba huko ni kupoteza fedha za safari. Mimi naona fedha zilizopotea ni zile za safari ya kwanza.

Suala la maji lilinichukua muda mrefu kulielewa. Nilikuwa namsihi Mama anywe, naye hunywa funda mbili na kuirudisha chupa. Siku moja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hanywi kwa sababu hajui choo kitapatikana wapi, na akikipata hajui kama magoti yatamruhusu kuchuchumaa. Kumbe tangu ile safari ya kwanza alikuwa akijinyima maji kwa aibu. Tangu hapo kila mahali tunapokwenda naulizia kwanza choo cha kukaa, kisha namwambia kiko wapi kabla hajauliza, na chupa inakwisha yenyewe. Chai yake ya asubuhi sikumnyima, kwani nayo ni maji. Madafu aliyapenda sana, lakini kabla ya kusafiri daktari wake alikuwa amepitia dawa zake zote na kutupa kiasi cha maji cha siku. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo hapaswi kunyweshwa ovyo, na madafu yana potasiamu nyingi, ambayo haiwafai wenye figo dhaifu na baadhi ya wanaotumia dawa za presha. Wala mtu asimwachishe mzazi vidonge kwa kuhofia safari. Ni wa kuulizwa daktari.

Chumba nacho kichaguliwe kwa ajili ya usiku, maana mwili uliochoshwa na joto hupona usiku au haupati kupona. Cha chini, chenye madirisha pande mbili, chini ya makuti au kwenye nyumba ya kuta nene za mawe, ni bora kuliko cha ghorofa ya juu chini ya mabati. Mama alikiogopa kiyoyozi akisema kitamletea kifua, basi tulikiweka nyuzi 26 na kukizima alipolala, feni ikaendelea. Niliuliza pia kama kuna jenereta, na njia ya kwenda hospitali ya Makunduchi niliijua kabla sijajua njia ya kwenda kununua samaki.

Bahari yenyewe tuliipata kwa kuwauliza wavuvi. Maji hupwa kwa kuchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo zipo siku chache kabla ya bamvua, yaani kipindi ambacho maji hujaa na kupwa sana, ambapo kina mama wa mwani huingia baharini jua likiwa bado chini. Tulifika siku hizo. Saa moja asubuhi Mama alivua viatu, akajifunga kitenge juu ya magoti, akaingia kwenye maji yasiyozidi vifundo vya miguu, kanga iliyoloweshwa ikiwa shingoni. Mbele yake mwanamke wa makamo alikuwa akifunga vipande vya mwani kwenye kamba iliyotandazwa kati ya vigingi viwili. Mama alisimama, akatazama, kisha akamwuliza mbegu anaitoa wapi na anavuna baada ya muda gani. Alipoambiwa ni wiki sita hivi, na kwamba mbegu ni vipande vya mwani uleule wa zamani, alicheka kwa furaha akasema kwamba basi ni kama viazi. Walizungumza karibu nusu saa, mmoja akifunga na mwingine akimpokeza vipande, na mimi nilikuwa nimeshika viatu na chupa ya maji, nikitazama jua linavyopanda.

Saa mbili na nusu nilimwita. Alitoka bila kubishana, akanawa miguu, akaketi barazani hadi alasiri.

Sasa tunasubiri kipupwe kingine. Mama anasema safari hii atampelekea yule mkulima wa mwani mbegu ya viazi, nami nimemweleza kwamba viazi vya Makete havitaota kwenye mchanga wa Jambiani. Amenijibu kwamba basi atampelekea vya kupika.

Msomaji wenu, Njombe